Kwa Wanaoanza Utafiti wa Majanga Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika

Wengi wenu mnaoajiriwa sasa katika taasisi za hali ya hewa, maji na usimamizi wa maafa mnakuja mkiwa mahodari wa kompyuta kuliko sisi tuliowatangulia, na hilo ni la kufurahia. Liko hata hivyo jambo ambalo darasani halisisitizwi vya kutosha: utafiti wetu una thamani pale tu unapomwezesha mtu fulani kuamua mapema, na mara nyingi uamuzi huo hutegemea kipimo kilichochukuliwa ng'ambo ya mpaka.

Chukueni mto Shabelle. Maji yake hutoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo mji wa Beledweyne nchini Somalia unaweza kufurika hata kama hapo mjini hapajanyesha mvua ya maana. Mtaalamu anayesubiri kipimo cha Beledweyne chenyewe atatangaza jambo ambalo wakazi wameshaliona kwa macho, ilhali anayepata taarifa za mvua na kina cha mto kutoka Ethiopia huwa na siku kadhaa za kuwahamisha watu na mifugo. Mkipewa mradi wa mafuriko, choreni kwanza bonde lote la mto, ndipo muulize ni nani anayepima nini katika kila sehemu yake.

Baada ya hapo itakuja kazi isiyo na sifa, nayo ni kusafisha takwimu. Mvua ya kituo kwa kawaida husomwa saa tatu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki (wenzetu wa Rwanda na Burundi wako nyuma kwa saa moja, nalo hilo lizingatiwe), na kinachosomwa ni maji yaliyokusanyika kwa saa 24 zilizopita. Kituo kimoja huandika kiasi hicho kwenye tarehe ya kusoma, na kingine hukiandika kwenye tarehe ya jana kwa kuwa sehemu kubwa ya mvua ilinyesha jana. Mkiunganisha takwimu za namna hiyo bila kuuliza, mvua moja kubwa iliyonyesha pande zote mbili za mpaka itaonekana kama mvua mbili ndogo za siku tofauti, na hesabu zenu za mafuriko zitakikosa kilele. Kosa la pili ni baya zaidi: siku ambayo mpimaji hakuwepo huachwa wazi daftarini, kisha anayeingiza takwimu kwenye kompyuta anaandika sifuri. Miezi michache ya sifuri za aina hiyo hutengeneza ukame ambao haukuwahi kutokea. Dawa yake ni kuomba picha ya ukurasa wenyewe wa daftari, kulinganisha na vituo jirani pamoja na makadirio ya setilaiti, na kumpigia simu mpimaji. Wapimaji hukumbuka mengi kuliko tunavyodhani, ukiwemo mwaka ambao mti wa jirani ulirefuka ukakikinga kipimamvua.

Kupata takwimu za nchi nyingine kunahitaji busara. Idara nyingi za hali ya hewa zina bajeti finyu na baadhi hutegemea kuuza takwimu, hivyo mtafiti anayeanza na barua ya kudai mafaili yote ya miaka 50 hupata jibu la heshima lisilo na faili hata moja. Mpango wa ENACTS, ulioanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, ulipita njia nyingine: vipimo vya vituo vilichanganywa na makadirio ya setilaiti ndani ya idara zenyewe, zikiwemo za Ethiopia, Tanzania na Rwanda, takwimu ghafi zikabaki kwa wenyewe huku ramani zilizotokana nazo zikitumiwa na wengine. Nanyi pelekeni kitu kabla ya kuomba kitu, na jina la aliyewapa takwimu liwe miongoni mwa waandishi wa makala.

Jukwaa la kikanda la utabiri wa msimu, ambalo huandaliwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya kiserikali ya nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki), limekuwepo tangu 1998 na hukutana mara tatu kwa mwaka. Mkihudhuria, sikilizeni zaidi mabishano yanayotangulia kabla ramani haijakubaliwa, maana humo ndimo mtakapojua nani ana mashaka na kwa nini. Ramani yenyewe husomwa vibaya mno. Ikisema uwezekano wa mvua za juu ya wastani ni asilimia 45, wapo maofisa wanaoelewa kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Kwa kuwa makundi ni matatu (mvua za juu ya wastani, za wastani na za chini ya wastani) na kila moja huanza na takriban asilimia 33, maana yake ni kwamba mizani imeelemea kidogo upande wa mvua nyingi, na bado msimu mkavu unawezekana. Msipeleke ramani kwa mkuu wa wilaya kabla ya kumweleza hilo kwa kinywa.

Tahadhari nzuri nayo haitoshi. Dalili za ukame wa Pembe ya Afrika zilitangazwa tangu 2010, lakini Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia mwezi Julai 2011, na utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa. Vita na vizuizi vya misaada vilichangia sana. Hata hivyo, kwa maoni yangu, pengo kubwa lilikuwa kukosekana kwa makubaliano ya awali kuhusu kiwango gani cha hatari kinatosha kutoa fedha, na nani azitoe. Kiwango hicho kiandikwe na kutiwa saini wakati wa utulivu, pamoja na wenye mifuko.

Wala msiwadharau wanaotabiri bila mitambo. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, watabiri wa jadi wa jamii ya Nganyi husoma mimea na mienendo ya wadudu na ndege, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na ICPAC walikaa nao wakatoa utabiri wa pamoja. Faida niionayo mimi ni kwamba utabiri ulipata wasemaji ambao wakulima walikuwa wakiwasikiliza tangu zamani.

Msimu ukiisha, linganisheni mlichotabiri na kilichonyesha, kituo kwa kituo, pamoja na mlipokosea, na nakala za matokeo ziwafikie wapimaji wa pande zote za mpaka kabla jukwaa linalofuata halijakutana.