Usikubali kurudishwa kwenye besi

Kijana mmoja wa kwaya huko Moshi ameniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka. Mwalimu anasema sauti ya pili (alto) ni ya akina mama, mimi niende besi. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Mwalimu wangu Tanga naye alinipanga nyuma na wanaume wa besi, eti kwa kuwa nikiongea sauti yangu ni nzito. Nikiimba juu wenzangu waliangua kicheko, naye akawaachia. Leo naishi kwa kuimba juu: mimi ni kauntatena, yaani mwanamume anayeimba sauti ya juu kama alto. Juzi tumemaliza maonyesho ya Giulio Cesare (Julius Caesar), opera ya mtunzi Händel, hapa Ujerumani, mimi nikiwa Tolomeo, mfalme wa Misri, na ukumbi mzima ulisimama. Sijisifu. Basi, kidogo.

Mdogo wangu, na wewe mwingine unayeliota jukwaa hilihili: sauti hii ni ya kiume tangu zamani. Alfred Deller, Mwingereza aliyeirudishia heshima, alikuwa mwanakwaya wa kanisa kuu la Canterbury mtunzi Michael Tippett alipomsikia wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1960 mtunzi Benjamin Britten akamtungia nafasi ya Oberon, mfalme wa viumbe wa kichawi, katika opera yake A Midsummer Night's Dream. Huyo ni mfalme, si malkia! Na Händel, mwaka 1724, Julius Caesar mwenyewe alimwandikia sauti ya juu. Aliyeimba ni Senesino, mmoja wa wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Sisi hatukukatwa kitu. Tunatetemesha kingo tu za nyuzi za sauti, ndiyo maana nikishuka jukwaani naongea besi kama kawaida.

Wengi mnakimbilia noti za juu. Za juu huja. Kinachotuumbua ni chini, maana nafasi za Senesino zinashuka hadi pale sauti ya kichwani, hii yetu ya juu, inapobaki pumzi tupu, na ala za kale zikiwekwa nusu toni chini ya za leo, unazidi kuzama. Hapo ingiza sauti ya kifua, ile ya kuongea, taratibu, kama dereva anayebadilisha gia abiria wasishtuke. Fanya mazoezi ya kushuka, kila siku, polepole, ukianzia juu. Miaka ya besi ilinisaidia hapo, lakini yule mwalimu simpi shukrani.

Jambo lingine ni mapambo, yaani noti unazoongeza mwenyewe. Nyimbo hizi sehemu ya kwanza hurudiwa, na ukiirudia kavu kavu unawaambia waliolipa tiketi kwamba umechoka. Mimi nimekua nikisikia taarab ya jirani usiku kucha, kwa hiyo kuizungusha noti moja hadi watu waguna sikufundishwa Ulaya. Andika mapambo yako mwenyewe. Ya kunakili kwenye rekodi za wakubwa yanajulikana, na majaji wanazo rekodi hizohizo.

Kwenye usaili usipeleke "Ombra mai fu", wimbo maarufu wa Händel. Kila mtu huipeleka. Peleka wimbo wa hasira, mfano "L'empio, sleale, indegno" ya Tolomeo, kisha kitu cha taratibu cha Purcell, mtunzi Mwingereza wa zamani, wasikie pumzi yako. Na chini, shuka kila siku, nimeshasema.

Jumapili hii simama sauti ya pili. Wakikutoa, hamia kwaya nyingine. Moshi makanisa hayakosekani.