Karatasi iliyobandikwa kwenye friji

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: “Je, inawezekana kubashiri uamuzi wa mtu mwingine kabla hajautoa? Tupeni mfano kutoka maishani mwenu.” Jibu langu ni ndiyo, ila uache kukikodolea macho kile anachochagua, umtazame yeye anayechagua na alichopungukiwa. Haya sikufundishwa na mganga. Yalinifika kwa aibu, kupitia karatasi inayobandikwa kila Novemba kwenye friji ya chumba cha chai, katika ghala ninakoendesha foklifti, magharibi mwa Melbourne.

Huku kuna mpira wanaouita futi. Si soka wala si raga, ingawa mpira wenyewe una umbo la yai. Uwanja nao ni yai kubwa, kila upande una watu 18, na kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne zisizo na mwamba. Ukiupiga ukapita katikati ya zile mbili ndefu, pointi 6. Ukipita pembeni yake, pointi 1, kama pole. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni ugomvi tu uliokodiwa refa. Siku hizi nikikosa mechi ya Ijumaa usiku silali vizuri.

Kila Novemba ligi yao kuu, AFL, huwa na drafti, yaani siku ya kugawana vijana. Kijana anayetimiza miaka 18 mwaka huo hujiandikisha, kisha klabu 18 huchagua kwa zamu. Aliyeshika mkia kwenye msimamo huanza, bingwa humalizia. Kijana haulizwi anataka kwenda wapi. Ukizaliwa Melbourne ukachaguliwa na klabu ya Perth, funga begi, na ni safari ya ndege ya saa nne hivi. Hebu fikiria Gor Mahia au Yanga wachukue ubingwa, halafu waambiwe wakasimame mwisho wa foleni, na timu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja ndiyo ianze kuchagua minofu.

Basi kazini kwetu, wiki moja kabla ya siku hiyo, karatasi hubandikwa. Ina mistari kumi. Kila mmoja anaandika kijana gani atachaguliwa namba ngapi na klabu gani. Ukipata klabu na namba, alama 2. Ukipata klabu tu, alama 1. Anayeshika mkia hununua pai za nyama za zamu nzima, na wenzangu wanakula pai kama wanaotoka kufunga.

Niliingia mara ya kwanza mwaka 2021, na nilijiandaa kama mtu wa mtihani wa taifa. Wakati wa mapumziko nilikuwa natazama vipande vya mechi za vijana kwenye simu. Nilijua nani anakimbia mita 20 kwa sekunde ngapi, nani anaruka juu zaidi, nani anamaliza kilomita 2 bado ana pumzi. Nikawapanga kuanzia aliye bora hadi wa kumi, nikawagawa kwa klabu kama anayegawa sahani za pilau, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili.

Pale namba 1 sikukosa, lakini hakuna aliyekosa. North Melbourne walikuwa wa mwisho kwenye msimamo na kila mtu alijua watamchukua Jason Horne-Francis. Balaa lilianzia namba 2.

Hapo lazima niwaeleze kanuni ya baba na mwana. Kama baba yako aliichezea klabu mechi 100 au zaidi, klabu hiyo ina haki ya kwanza juu yako, lakini haikupati bure. Klabu nyingine yoyote, zamu yake ikifika, inaweza kulitaja jina lako. Hilo ni dau. Klabu ya baba ikitaka kukubakiza, lazima ilipe kwa zamu zake za baadaye, na kila zamu ina bei yake ya pointi. Kwa jedwali la wakati ule zamu namba 1 ilikuwa pointi 3000, namba 2 pointi 2517, namba 4 pointi 2034, na mwenye mtoto alipunguziwa asilimia 20. Ni mahari, kwa ufupi, ila bei inatajwa na jirani.

Mwaka huo kulikuwa na watoto wawili wa namna hiyo. Nick Daicos, mwana wa Peter Daicos wa Collingwood, na Sam Darcy, kijana mrefu ambaye baba yake Luke na babu yake David wote waliichezea Western Bulldogs. Mimi nilikuwa nimeamini Daicos ndiye bora, kwa hiyo nikamwandika namba 2, na Darcy nikamsukuma chini. Zamu namba 2 ilikuwa mikononi mwa GWS, klabu ya magharibi mwa Sydney, na walikuwa wameipata kutoka kwa haohao Collingwood, waliokuwa wameiuza mwaka mmoja kabla bila kujua kwamba watamaliza wa 17. Tuna mzee mmoja kazini, shabiki wa Collingwood tangu utotoni, ambaye hadi leo ukimtajia biashara hiyo anaweka kikombe chini.

Zamu ikafika, GWS wakamtaja Darcy. Bulldogs wakalipa, wakambakiza. GWS wakahamia namba 3, wakamchukua kiungo Finn Callaghan. Gold Coast, namba 4, ndio waliomtaja Daicos. Collingwood wakalipa kwa kukusanya vizamu vyao vidogovidogo, kama mama anayelipa karo kwa sarafu. Halafu Gold Coast haohao, namba 5, wakamchukua Mac Andrew, kijana mrefu ambaye wazazi wake ni wa Sudan Kusini, na hapo nikazika uso wangu kwenye kofia. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika Andrew anakwenda Melbourne. Alikuwa amelelewa katika akademia ya klabu ya Melbourne, na akademia hizo ziliipa klabu haki kama ile ya baba na mwana, nami nikaona hilo halina mjadala. Sikusoma kwamba kuanzia mwaka huohuo klabu haikuruhusiwa tena kulipia dau la kijana wa akademia za aina hiyo akitajwa ndani ya 20 bora. Melbourne walikuwa wametoka tu kutwaa ubingwa, na wakabaki kumpungia mkono.

Pai nilinunua mimi.

Aliyeshinda alikuwa mama mmoja wa kitengo cha kufunga mizigo, ambaye nina hakika hakuwahi kuwaona vijana hao wakicheza hata dakika tano. Nilimfuata siku ya pili yake akiwa anazungusha nailoni kwenye mzigo, nikamuuliza alijuaje kuhusu Darcy. Hakunyanyua uso. Akasema, “Wewe uliandika majina ya watoto. Mimi niliandika majina ya klabu kwanza.” Kisha akanionyesha nyuma ya risiti ya dukani. Kila klabu ilikuwa na maneno mawili matatu: huyu hana mrefu wa mbele, huyu beki wake kastaafu, huyu ana viungo hadi wanakanyagana. Kuhusu GWS aliandika “mrefu”. Kuhusu Callaghan alikosa, maana kwa mantiki yake hawakuhitaji kiungo mwingine, na alicheka alivyokosa. Lakini lile la dau alikuwa amelielewa kuliko wote. Aliniambia dau si salamu. Ukimtaja mtoto wa watu, kuna siku baba yake atashindwa kulipa na mtoto atabaki kwako, kwa hiyo hutaji ila unayemtaka kweli.

Mwaka 2022 nikanunua daftari. Kila klabu ukurasa wake. Juu niliandika nani kaondoka, nani goti limekufa, nani mkataba unaisha. Chini yake zamu ilizonazo. Na pembeni nikaweka safu niliyoiita “nyumbani”, na hiyo ni yangu, hata yule mama hakuwa nayo. Klabu za hapa zinaogopa sana kijana atakayelilia kwao. Yule Horne-Francis, mzaliwa wa Australia Kusini, alikaa North Melbourne msimu mmoja tu akarudi kwao, Port Adelaide. Zamu namba 1 nzima, ikayeyuka. Tangu hapo, klabu yoyote ya mbali na kwao kijana naikata nusu alama.

Mwaka huo wengi walisema kijana bora ni Will Ashcroft, mwana wa Marcus Ashcroft wa Brisbane. Swali pale chumba cha chai lilikuwa moja: je, GWS, walioishika namba 1, watamtaja ili kuwakamua Brisbane? Wenzangu wengi waliandika ndiyo. Mimi nikafungua ukurasa wa GWS. Zamu hiyo hawakuwa nayo mwanzoni. Walipanda kutoka namba 3 kwa mabadilishano yaliyohusisha klabu kadhaa, na ukurasani kwao nilikuwa nimepigia mstari “mfungaji mrefu”. Nikajiambia, mtu hapandi mnazi ili aangue dafu la jirani. Nikaandika Aaron Cadman, mshambuliaji mrefu, namba 1. Ashcroft namba 2, Brisbane, kwa dau la North Melbourne. Harry Sheezel namba 3, North Melbourne. Zikaja zote tatu, moja baada ya nyingine, nami nimesimama na kikombe cha chai kilichopoa. Ashcroft, kwa taarifa yenu, alikuja kuwa mchezaji bora wa fainali kuu ya 2024.

Sitaki mdhani nimekuwa mtabiri. Baada ya namba 6 au 7 mambo huharibika, kwa sababu kila chaguo linavuta jingine. Ni kama kufumua sweta: uzi mmoja ukitoka mahali usipoutarajia, mkono mzima unakwenda nao. Tena tangu 2018 klabu zinaruhusiwa kubadilishana zamu usiku uleule, mubashara, kwa hiyo klabu uliyoichambua wiki nzima inaweza kuiuza zamu yake wewe ukiwa msalani. Na Novemba kila mtu anadanganya. Klabu inayomsifia kijana hadharani nina desturi ya kuifuta kwanza.

Mzee wa Collingwood ana hoja yake dhidi yangu na siwezi kuificha. Anasema mimi sijui mpira, najua tu jinsi wakubwa watakavyokosea. Kisha hunitajia drafti ya 2013. GWS walimchukua Tom Boyd namba 1, na kila aliyebashiri hivyo alipata alama zake. Boyd alikaa nao msimu mmoja, akaenda Western Bulldogs, na mwaka 2016 akafunga magoli matatu kwenye fainali kuu iliyowapa ubingwa wa kwanza tangu 1954. Namba 4 mwaka huohuo wa 2013 alikuwa Marcus Bontempelli, ambaye ungemwona leo ungeuliza hawa watatu wa kwanza walitazamwa na nani. Patrick Cripps, aliyetwaa medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2022 na 2024, alisubiri hadi namba 13.

Na namba 44, Sydney wakamchukua Aliir Aliir.

Huyu ndiye aliyenifanya niandike barua ndefu namna hii. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini na alizaliwa kambini Kakuma, Turkana, mwaka 1994. Mimi ni mtu wa Kitale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa utingo, kisha dereva, wa lori la mahindi na maharage, Kitale hadi Lodwar hadi Kakuma. Ukivuka mto Tarach, ambao mara nyingi ni mchanga mtupu, ulikuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi na kamba kando ya barabara. Wakisikia breki walitawanyika, lori likipita vumbi likawafunika, na kwenye kioo cha pembeni ungewaona wakijitokeza tena mmojammoja, mchezo unaendelea. Sisemi nilimwona. Watoto walikuwa wengi, na mimi nilikuwa natazama springi za lori. Familia yake ilihamia Australia, na alichaguliwa akitokea klabu ya East Fremantle. Mwaka 2021, mwaka uleule niliokuwa nashika mkia kwa kupanga watoto wa watu kwa sekunde za kukimbia, alikuwa beki wa Port Adelaide na jina lake likatangazwa kwenye kikosi bora cha msimu cha Australia nzima.

Kwenye daftari langu la leo, ukurasa wa Sydney wa 2013 ungekuwaje? Nimeujaribu. Nimeandika mapengo yao, nimeweka safu ya nyumbani, nimehesabu zamu. Bado simfikii.

Novemba iliyopita niliomba karatasi yetu iongezwe mistari ifike 44. Mama wa kufunga mizigo, ambaye ndiye mtunza karatasi tangu aliposhinda, alisema friji haina urefu huo, na kama nina hamu sana niandike nyuma. Nikaibandua, nikaandika nyuma kwa kalamu, nikairudisha na sumaku yake. Mzee alinitazama, akauliza nimeandika nani. Nikamwambia angoje.