Re: LPL inashuka panya wakifunga, mRNA haisogei

Mambo mkuu, yaani panya wako wakinyimwa chakula usiku kucha kazi ya kimeng'enya cha LPL (kinachovunja mafuta ya kwenye damu ili tishu ziyachukue) kwenye mafuta meupe, yale ya akiba, inashuka, ila mRNA yake (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) iko vilevile na unahisi praima (vipande vya DNA vya kuanzishia kipimo cha PCR) ndo mbovu. Cheki kwanza jeni ya Angptl4 bwana. Njaa inaipandisha, protini yake inaikaba LPL ambayo ishatengenezwa, sasa ukipima mRNA ya LPL peke yake utakesha. Mi huwa naziweka zote sahani moja ya PCR na ATGL pembeni, kimeng'enya cha kuvunja mafuta ya akiba ndani ya seli, hiyo mRNA yake hupanda wakifunga, isipopanda kagua maranda, pengine wamebakiziwa chakula humo. Na joto la chumba andika, huku Tanga tunagonga nyuzi 30, Ulaya wengi wanafugia 22, kwa hiyo mafuta ya kahawia, yale ya kuzalisha joto mwilini, usilinganishe kabisa na yao.