Mizani inapanda tangu nianze vyuma, ni mafuta?

Kilo 2 ndani ya miezi miwili tangu uanze kunyanyua vyuma, na suruali bado inakukaa vilevile? Mimi nisingeshtuka. Wiki za mwanzo sehemu kubwa huwa ni maji. Misuli iliyochoshwa huvimba kidogo inapojikarabati, tena huanza kuweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, yaani wanga wa kutumia baadaye, na kila gramu 1 yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Kama unatumia kriatini (kirutubisho cha wanaonyanyua vyuma), ongeza kilo moja hivi hapo, nayo ni maji tu ndani ya misuli.

Baada ya hapo inaweza kuwa misuli yenyewe, ila usijidanganye: hujengeka taratibu, hata kwa anayeanza. Ukipanda kilo 3 kila mwezi na mkanda umehamia tundu la nje, hiyo ni sahani ya chakula. Mazoezi huleta njaa, na wengi hujilipa chakula kingi kuliko walichochoma (mimi nikiwemo, hasa siku ya mazoezi ya miguu).

Zungusha tepu kiunoni usawa wa kitovu, asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya kula, bila kubana tumbo. Uzito nao chukua wastani wa wiki, maana chumvi ya jana usiku tu inatosha kuupandisha. Kiuno kikibaki palepale na vyuma vinazidi kuwa vizito, endelea. Ukivimba miguu au kuishiwa pumzi ovyo, hilo si la jimu, muone daktari.