Re: Maporomoko ya Sanje na mama wa miaka 60, ataweza?

Habari mkuu. Umesema mnalala Mikumi, mna siku moja tu na unaogopa mama atashindwa kupanda Sanje. Ataweza, ila cha kwanza kuangalia ni muda sio miguu. Ukitokea Mikumi utaipita Sanje kabla ya Mang'ula, usishuke, nendeni mpaka geti la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa (maporomoko yako ndani yake) pale Mang'ula mlipie na kupewa mwongozaji (weka hela kwenye simu au kadi), ndo mrudi nyuma kama kilomita 9 mpaka njia inapoanzia, na mzunguko wote ni kama masaa manne kwahiyo ukifika getini saa saba mchana umeshachelewa.

Kupanda aende taratibu na fimbo. Kushuka ndo balaa, majani mabichi yanalala juu ya mizizi yanateleza hata jua likiwaka, raba zilizolika soli aziache kabisa. Maji yanaanguka mita 170 hivi kwa ngazi ngazi, akichoka mwambie mwongozaji mapema mbaki kwenye kidimbwi cha chini, mnaoga pale na rasharasha zinawapiga usoni, patamu sana. Machi mpaka Mei mimi nisingempeleka.