Hukumu ya Ujiji ikifika Leicester

Shikamoo, Baba Mdogo. Picha ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo nimeipata, na maneno yenu pia: Ulaya sheria ni sheria, niipeleke polisi hapa Leicester, yule mliyeshirikiana naye boti na nyavu za dagaa akamatwe kabla ya Ijumaa. Nani anawadanganya? Hapa deni ni kesi ya madai, siyo ya jinai. Polisi hawaligusi.

Ipo sheria ya Uingereza ya mwaka 1920 ya kusajili hukumu za nchi nyingine, na Tanzania imo, ila hukumu inayosajiliwa ni ya mahakama za juu, kuanzia Mahakama Kuu, tena iombewe ndani ya miezi 12 tangu itolewe. Yenu ni ya Mwanzo. Inabaki kumfungulia kesi mpya hapa, ndani ya miaka 6 tangu hukumu, mkidai hukumu hiyo kama deni. Habari za boti hazirudiwi, lakini jaji atauliza jambo ambalo hakuna aliyenieleza: siku mnafungua shauri, jamaa alikuwa bado Kigoma au alishapanda ndege? Kama alishaondoka, na hakuja wala hakutuma wakili kujitetea, hapa hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Unisamehe kwa ukali.

Na anayesema namficha kwa kuwa tunaswali msikiti mmoja, aniambie mwenyewe. Ndiyo, tunakutana. Ananipa mkono, naupokea, kisha usiku mzima kazini, nikigeuza wazee wa watu vitandani, nakufikiria wewe na boti isiyo na mashine. Mngetaka nimkwide shati mbele ya imamu? Nikifanya hivyo, atakayelala rumande ni mimi.

Msiuze shamba kulipa wakili wa huku. Ada na wakili vinaweza kulimeza deni lote. Achaneni naye. Hapana, msiachane naye! Si ana nyumba Gungu yenye wapangaji? Kazieni hukumu hapo hapo, yaani mahakama ikamate mali yake ilipe deni. Kwa mali iliyoko Kigoma hamhitaji ruhusa ya Mwingereza yeyote, na dalali wa mahakama anaijua Gungu kuliko mimi. Mngeanzia huko badala ya kunipigia mimi saa tisa za usiku.

Hata hivyo nitumie nakala yenye muhuri wa mahakama, siyo picha ya simu, pamoja na hati ya wito inayoonyesha aliipokea lini na wapi. Nitamwonyesha mwanasheria mmoja wa hapa anayesikiliza watu bure.