Jordan Peele hakuuacha uchekeshaji

Swali la wiki hii: "Mchekeshaji akihamia filamu nzito, anapata au anapoteza?" Mimi nasema anapata, na shahidi wangu ni Jordan Peele wa Marekani.

Peele alianzia televisheni. Mwaka 2003 aliingia MADtv, kipindi cha vichekesho, kisha kuanzia 2012 hadi 2015 yeye na Keegan-Michael Key wakawa na kipindi chao, Key & Peele. Humo alimwigiza Obama ametulia kitini, sauti ya upole, huku Key akizunguka nyuma yake akifoka yale yote ambayo rais hawezi kuyasema. Watu walivunjika mbavu. Lakini kilichokuwa kikichezwa pale ni jambo zito: mtu mweusi anayemeza hasira ili asiogopwe.

Get Out ya 2017, filamu ya kutisha na ya kwanza aliyoiongoza, imejengwa juu ya jambo hilohilo. Iligharimu dola milioni 4.5 tu ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2018 Peele akawa mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya muswada asilia.

Tazameni mwisho wake (ambaye hajaiona aruke aya hii). Chris, kijana mweusi anayechezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye asili ya Uganda, yuko barabarani usiku, ametapakaa damu, na msichana wa Kizungu yuko chini karibu naye. Taa za gari kama la polisi zinammulika. Ananyoosha mikono juu. Mtazamaji anakata tamaa, maana anajua mambo hayo huishia wapi Marekani. Mlango unafunguka, anashuka Rod, rafiki yake anayefanya kazi ya ukaguzi uwanja wa ndege. Peele alikuwa ameshapiga mwisho mwingine ambamo Chris anafungwa jela, akaubadilisha. Kumbana mtu pumzi, kumsubirisha, halafu kumwachia kwa sekunde yake: huo ni ufundi wa mchekeshaji mtupu.

Sisi Waswahili tuna la ziada, kwani wimbo wa mwanzo wa Get Out, kazi ya Michael Abels, una maneno ya Kiswahili yanayomwonya kijana ajiokoe. Kisha mwaka 2019, katika Us, filamu nyingine ya Peele, Lupita Nyong'o alipewa wahusika wawili, mama na pacha wake wa kutisha. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na humohumo, hofu ikiwa imepamba moto, baba wa familia bado anatuchekesha.